Pikipiki Niliyoifundisha Utulivu

Naanza kwa kukiri, maana nyie mkishaanza kucheka hamtanisikiliza tena: mie ndiye yule bwana harusi wa Keko aliyeingia kwa wakwe zake kwa kupitia uani, juu ya pikipiki, kabla ndoa haijafungwa, na bakora mkononi. Habari hiyo mmeshaisikia kwa wengine, na kila anayeisimulia huitia chumvi yake (wapo wanaosema nilitumbukia kwenye sufuria la pilau, na huo ni uongo, sufuria nililikosa kwa shubiri moja). Leo nawapa yenyewe kama ilivyokuwa, kutoka kwa mwenye aibu yake.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa fundi kwenye gereji moja ya Barabara ya Pugu, na kulikuwa na mzungu mmoja aliyekuwa akituletea pikipiki yake ya zamani, ya kabla ya vita, iliyoinuka juu kama mbuzi aliyeshtuka, matairi yake yana meno makubwa ya kushikia matope. Kila Jumapili alikwenda nayo kwenye vilima vya Pugu na wazungu wenzake, na mie nikichukuliwa kubeba spana. Sasa msikilize mchezo wao. Hawashindani kukimbia. Wanashindana kwenda pole. Wanapita juu ya mawe na mizizi na madimbwi, mmoja mmoja, na anayetia mguu chini huandikiwa kosa. Watu wazima na masharubu yao wanasimama kando na daftari kutazama miguu ya wenzao. Siku sita za juma watu hao hao walikuwa wakitufokea twende upesi, ya saba wanapeana kikombe kwa kujikokota. Mwanzo nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, halafu ugonjwa ukanishika na mie.

Kwa sababu, jamani, kukimbiza injini hakuna ufundi. Unafungua mafuta, inakimbia, basi. Kuifanya injini kongwe yenye pistoni moja iende kwa mwendo wa mtu anayetoka msikitini, bila kukohoa, bila kurukaruka, bila kuzimika, hapo ndipo fundi anapojulikana. Mzungu yule aliporudi kwao aliniachia ile pikipiki (hakuna mwingine aliyeitaka), nami nikaanza kutembea kifua mbele Keko nzima.

Tatizo ni kwamba kwenda pole nilikujua, ila sikukutumia. Nilikuwa kijana, na barabara ilikuwa nyeupe. Ijumaa moja nilipita mbele ya msikiti wa Temeke kwa kasi watu wakitoka kuswali, vumbi likawapanda wazee mpaka kwenye vilemba, na mmoja wa wazee hao, mtihani wenyewe huo, alikuwa Mzee Mbwana, baba yake Mwanaidi. Nami Mwanaidi ndiye niliyekuwa nataka kumwoa.

Wazee wangu walipopeleka posa, Mzee Mbwana aliwapokea vizuri, akawapa kahawa, akasema kijana hana ubaya, kazi anayo, ila hajatulia, na yeye binti yake hampi mtu asiyejua kwenda pole. Ikabidi waende mara ya pili, na ya tatu, na mara hiyo ya tatu na mie nikaitwa. Nilikaa kwenye mkeka nimeinamisha kichwa kama inavyotakiwa, na ningeendelea kukiinamisha ningekuwa mtu mwenye heshima zake hadi leo. Lakini palikuwa na Seifu, kaka yake Mwanaidi, karani wa bandarini, suruali imepigwa pasi mpaka inakata mkate, na ulimi wake hivyo hivyo. Akasema mbele ya wazee kwamba siku ya harusi bora nije kwa miguu, maana nikija na lile dude langu nitawapita nifike Mbagala.

Kwa nini sikunyamaza? Hata leo sijui. Nikainua kichwa nikasema nitakuja na pikipiki hiyo hiyo, kutoka Keko hadi mlangoni, kwa mwendo wa matarumbeta, na mguu wangu hautagusa chini hata mara moja.

Mjomba wangu Pazi, aliyekuwa msemaji wetu, akanifinya paja, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mzee Mbwana akaweka kikombe chake chini.

"Vizuri," akasema. "Ukiweza hivyo, nitajua umetulia. Ukishindwa, siku hiyo hakuna ndoa, mtarudi kwenu na matarumbeta yenu."

Basi nikaingia kazini. Wiki mbili nzima nikitoka gereji sikwenda kokote, nipo uani kwetu na pikipiki. Nyuma nilitoa sproketi, lile duara la meno linalovutwa na mnyororo, nikaweka kubwa zaidi, ili gurudumu lizunguke pole hata injini ikipiga vizuri. Kabureta niliisafisha kwa unyoya wa kuku. Na kwenye usukani, upande wa kushoto, mashine hizo za zamani zilikuwa na kimkono kidogo, urefu wa kidole, kazi yake kuwahisha au kuchelewesha moto wa plagi. Ukiuwahisha moto, injini inapata nguvu na hasira. Ukiuchelewesha, inalegea, inapiga taratibu, tuku, tuku, tuku, unaweza kuhesabu. Nikauchelewesha mpaka mwisho, halafu nikaongeza mafuta kidogo ili isizimike.

Alfajiri moja nikaijaribu kwenye njia ya nyuma. Nyie, ilikwenda. Mzee mmoja mwenye mkongojo alinikuta, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza hali ya mama, akanipita, akafika kona kabla yangu, na mguu wangu haujagusa chini. Nilirudi nyumbani nikiimba. Sikujiuliza kwamba ile ilikuwa alfajiri, upepo wa baridi unapuliza, na safari yenyewe ilikuwa ya robo saa.

Sasa njooni kwenye lile jambo dogo, maana mikasa yote mikubwa ninayoijua ilianza na jambo dogo ambalo mtu mwenye akili angelikataa. Siku ya harusi, adhuhuri imeshaswaliwa, nimevaa kanzu nyeupe, joho jeusi la kuazima, kilemba, na makubadhi mapya ambayo soli zake zilikuwa bado zinateleza. Nimeshapanda, nimeshaiwasha. Mjomba Pazi akaja na bakora ya marehemu babu, yenye kichwa cha fedha, akanipa. Nikamwambia mjomba, mikono yangu ina kazi. Mjomba akanitazama kana kwamba nimetukana.

"Bwana harusi gani anashika usukani kwa mikono miwili kama msukuma mkokoteni?" akasema. "Shika bakora, mwanangu. Usitutie aibu."

Nikaishika. Mkono wa kushoto ukawa na bakora, ukabaki wa kulia peke yake. Na ili mkono huo usichoke, nikafanya ujanja: chini ya mpini wa mafuta kulikuwa na skrubu ndogo, ukiikaza mpini unabaki pale ulipouacha hata ukiuachia. Nikaikaza. Mafuta yakawa yamefunguka kiasi kile kile muda wote, na kazi ya kuizuia injini isiende mbio ikabaki kwa kile kimkono cha kuchelewesha moto peke yake. Mwanafunzi wa gereji wa siku ya kwanza angeniambia hiyo si akili. Lakini nilikuwa bwana harusi, nani angeniambia kitu.

Tukaondoka. Mbele matarumbeta na ngoma, katikati mie nimenyooka kama mshumaa, nyuma wanawake na vigelegele, na ubavuni kwangu Seifu, ambaye alikuja Keko kutusindikiza ila macho yake hayakutoka kwenye makubadhi yangu hata dakika moja. Watu wakatoka majumbani. Watoto wakashangilia. Nikawa nagawa salamu kwa bakora, kulia na kushoto, kama mkuu wa wilaya anayekagua askari.

Kitu ambacho sikukipigia hesabu, na hapa ndipo mnijue kwamba mie ni mtu wa Dar niliyesahau mambo ya Dar, ni kwamba matarumbeta ya harusi hayaendi moja kwa moja. Yanasimama. Kila penye baraza lenye watu, yanasimama, wanapiga, watu wanacheza, wanatuzwa, wanaondoka hatua ishirini, wanasimama tena. Wale wazungu wa Pugu hawakuwa na matarumbeta. Mie siwezi kusimama, nikisimama natia mguu, na Seifu yupo. Nikafanya nini? Nikawazunguka. Wapigaji wamesimama katikati wanapuliza, mie nawazunguka polepole, tuku, tuku, tuku, joho linaburuza vumbi, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Watu wakafurahi kupita kiasi. Wakaona ndiyo mtindo wenyewe. Kila baraza likataka bwana harusi azunguke, na wapigaji nao, wakiona tuzo zinamiminika, wakazidi kukawia.

Tulipofika Chang'ombe nilikuwa nimeshazunguka mpaka sijui kibla kiko wapi. Jua la saa nane liko utosini. Na injini za namna ile, kwa msiojua, hazina maji. Zinapozwa na upepo wa mwendo. Sasa mwendo wa kinyonga una upepo gani? Halafu moto ukicheleweshwa sana, joto lote linakimbilia kwenye bomba la moshi. Nikasikia mguu wa kulia unachomeka. Nikatazama chini kwa pembe ya jicho, nikaona bomba limekuwa jekundu, na pindo la kanzu limeanza kuwa rangi ya chai. Mjomba Pazi alinusa, akanisogelea, akanong'ona niipumzishe kidogo. Nikamwambia mjomba, hii ni kazi yangu. (Ndivyo nilivyomjibu, mtu aliyenilea.)

Hatimaye nikaiona nyumba. Hatua mia hivi. Mzee Mbwana amekaa barazani kwake na wazee wenzake, sheikh yupo, mkeka umetandikwa, na hata kwa mbali nilimwona ameinama mbele kidogo, anatazama miguu yangu. Na uso wake, wallahi, ulikuwa umelainika. Alikuwa anaelekea kucheka. Nilikuwa nimempata mke, jamani, zilibaki hatua mia tu.

Na pale pale injini ikaanza kukohoa. Ilikuwa imechoka, imechemka, haina pumzi. Ikapiga tuku, ikakaa, ikapiga tuku nyingine, ikakaa zaidi. Nikajua inazimika. Ikizimika natia mguu, nikitia mguu nimeshindwa, mbele ya macho yake. Nikasema niisaidie kidogo tu, niuwahishe moto kidogo ipate nguvu ya kufika. Nikanyoosha dole gumba la mkono ule ule wenye bakora, nikakisukuma kile kimkono. Nilitaka nusu ya ukucha. Dole lilikuwa na jasho, kikaenda mpaka mwisho.

Kumbukeni mafuta yalikuwa wazi na skrubu imekazwa.

Ile pikipiki haikuondoka, iliruka. Ilinguruma mngurumo ambao haikuwahi kuutoa tangu vita viishe, gurudumu la mbele likainuka, mie nikarushwa nyuma, na mtu anayerushwa nyuma hukamata alichonacho, nami nilichokuwa nacho ni mpini wa mafuta, kwa hiyo nilivyozidi kuukamata ndivyo nilivyozidi kuufungua. Mguu ukatafuta breki, kubadhi likateleza likabaki njiani. Bakora kuitupa? Nyie, haikunijia. Nilifundishwa nisiitie familia aibu, nikaishikilia. Wapigaji wakatawanyika, tarumbeta moja likaenda kushoto na mwenyewe kulia. Nikampita Seifu, ambaye suruali yake ilikaa chini kwenye mchanga pamoja naye. Nikaupita mlango. Nikampita baba mkwe wangu, na nakumbuka vizuri kwamba nilipokuwa nampita nilimwamkia shikamoo.

Kona ya nyumba ikaja, nikakata, na mbele yangu kukawa na ua wa makuti. Nyuma ya ua ule, kama kila mtu ajuavyo, ndiko wanawake waliko, na mwanamume hakanyagi siku kama hiyo, na bwana harusi zaidi kuliko wote, maana yeye hupitia mlango wa mbele, na hata huo hafunguliwi mpaka ndoa ifungwe na wanawake waridhike. Mie nikaingia na kipande cha ua kizima shingoni.

Nilipofumbua macho nimelala chali kando ya lile sufuria, joho limebaki kwenye miti, kilemba kimemwangukia bibi mmoja miguuni. Wanawake kama ishirini wamenyamaza. Katikati yao, kwenye mkeka, Mwanaidi, amejifunika kanga haraka, mguu mmoja umemalizika kutiwa hina na wa pili unashikwa na somo wake aliyemfunda, Bi Chausiku, ambaye alikuwa bado ameinua kile kijiti cha hina hewani. Mguu ule wa pili ulikuwa umevurugika wote.

Na katika kimya kile pikipiki ilikuwa imelala ubavu kwenye mchanga. Sijui kilichotokea, labda usukani ulipopinda ulirudisha kila kitu mahali pake, ila ilikuwa bado inapiga. Tuku. Tuku. Tuku. Laini, taratibu, haikosi hata moja. Wiki mbili nilikuwa naitafuta sauti ile. Nikaulizwa na Bi Chausiku, kwa upole wa kutisha, kama nina lolote la kusema. Nami, mjinga wa wajinga, mbele ya mke wangu mtarajiwa na shangazi zake wote, nikainua bakora kuielekezea pikipiki.

"Sikilizeni," nikasema. "Imetulia."

Hapo ndipo nilipomwona Mzee Mbwana. Alikuwa amesimama kwenye tundu la ua, nyuma yake wazee, nyuma yao nusu ya Temeke. Hakunifokea. Laiti angenifokea. Alinitazama muda mrefu, tangu kichwa kisicho na kilemba mpaka mguu usio na kubadhi, nami nikajua basi, Mwanaidi ndiyo nimemkosa, nikataka kulia pale pale mchangani.

"Huyu ni fundi," akawaambia watu. "Kaja kurekebisha ua. Bwana harusi bado hajafika, yuko njiani anakuja na watu wake." Akanigeukia. "Fundi, toka ulikoingilia. Ukifika Keko, mwambie bwana harusi tunamsubiri. Mwambie aje kwa miguu."

Nikatoka. Nikaisukuma pikipiki kutoka Temeke mpaka Keko, kubadhi moja, pindo la kanzu limeungua, na kila baraza lililonishangilia wakati wa kuja likanishangilia tena wakati wa kurudi, vizuri zaidi. Mjomba Pazi alitembea kando yangu, na njiani akanyoosha mkono akaomba bakora yake. Nyumbani nikaoga, nikavaa kanzu ya kaka yangu iliyonifika magotini, tukaanza upya. Wapigaji walikubali kurudia safari kwa sharti moja, kwamba bwana harusi asipewe chochote chenye injini. Nao walilipiza. Walisimama kwenye kila baraza, na pasipo na baraza walisimama kwenye kila mti, na Seifu akatembea mbele yangu kinyumenyume safari nzima, akiitazama miguu yangu, nami niliiweka chini kila mguu kwa zamu, taratibu, kama mtu anayepita juu ya mayai.

Tulifika magharibi inakaribia. Mzee Mbwana alikuwa bado amekaa pale pale. Nikamwamkia, safari hii nikiwa nimesimama. Akaniuliza kama njiani nilikutana na fundi mmoja wa pikipiki. Nikasema nilikutana naye, baba.

"Anaendeleaje?"

"Ametulia, baba."

Akasogea, akanipisha kwenye mkeka. Baada ya swala ndoa ikafungwa. Nikapelekwa mlango wa mbele, na wanawake wakanizuia pale kwa muda ambao hakuna bwana harusi mwingine wa Temeke aliyewahi kuzuiwa, wakiniuliza mmoja mmoja kwa nini leo nahangaika na mlango wakati njia yangu naijua. Nilipoingia, Mwanaidi alikuwa amekaa kitandani, macho chini kama alivyofundwa, miguu imefichwa chini ya kanga. Akavuta kanga kidogo, nikauona ule mguu wa pili, hina imetapakaa mpaka kwenye kifundo. Akasema neno lake la kwanza kwangu kama mke.

"Nilikuwa naogopa utachelewa."

Pikipiki niliiuza mwezi ule ule kwa mtu wa Chanika, nikamwambia ni mashine tulivu sana, na kusema kweli sikumdanganya. Ua niliujenga upya kwa mikono yangu, Jumapili mbili, Bi Chausiku amekaa kwenye kigoda ananielekeza. Na nimeapa, na nyie ni mashahidi, kwamba harusi yoyote nitakayoalikwa maishani mwangu nitakwenda kwa miguu, na mtu akinipa bakora nitamuuliza kwanza mkono wangu mwingine una kazi gani. Mwanaidi hanitaji jambo lile mbele za watu, heshima hiyo ananipa. Ila nikichelewa kurudi kutoka kazini, jioni akisikia hatua zangu nje, haji mlangoni kunipokea. Anakwenda kwanza uani kutazama kama ua umesimama.